Namba Inapovuka Mpaka: Jinsi Programu za Kompyuta Zinavyopashana Data

Zamani, wafanyabiashara walipokuwa wakipima nafaka kwa pishi na kibaba, mtoto aliyetumwa dukani na kuambiwa, "Kaniletee unga, nne," hakuweza kuhudumiwa mara moja. Ilimlazimu mwenye duka aulize kwanza: pishi nne, au vibaba vinne? Pishi moja ni vibaba vinne; kwa hiyo aliyekosea kipimo alipeleka nyumbani robo ya kilichotakiwa, au mara nne yake. Mwenye duka aliuliza kwa kuwa alikuwa binadamu mwenye kujua kwamba namba peke yake haina maana. Kompyuta haiulizi. Ikipokea namba nne huitia katika hesabu yake, ikaendelea kwa kasi mpaka mwisho, kisha ikatoa jibu lenye tarakimu nyingi za kupendeza.

Katika makala haya tutaeleza jinsi programu mbili za kompyuta zinavyopashana data, hasa programu ya uigaji na skripti inayoiendesha, na kwa nini makosa mengi ya kazi hiyo hayatokei ndani ya programu yoyote kati ya hizo mbili, bali mpakani mwake. Jambo hili lawahusu wanafunzi wa shule za sekondari hata kama hawajaandika programu yoyote, kwa sababu kanuni zake ndizo zile zile wanazofundishwa katika maabara ya fizikia.

1. Programu mbili, kazi moja

Programu ya uigaji ni ile inayotumia kanuni za sayansi kuiga mwenendo wa kitu halisi: maji yanavyopita katika mabomba, joto linavyosambaa katika chuma, au hewa inavyozunguka juu ya dunia. Programu za namna hii huwa na hesabu nyingi mno, hivyo aghalabu huandikwa kwa lugha zenye kasi, kama vile Fortran, iliyotolewa mwaka 1957, au C, iliyobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ubora wake ni kasi. Kasoro yake ni ugumu. Kubadili jambo dogo ndani yake huhitaji fundi, muda na tahadhari.

Skripti, kwa upande mwingine, ni orodha ya maagizo iliyoandikwa kwa lugha nyepesi, ambayo kompyuta huyasoma na kuyatekeleza moja baada ya jingine. Python, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, ni mfano wa lugha ya namna hiyo. Skripti haina kasi ya Fortran, lakini mtu huweza kuiandika asubuhi na kuitumia mchana.

Watafiti huunganisha sifa za pande zote mbili. Tuchukue mfano wa EPANET, programu iliyotolewa mwaka 1993 na shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia hifadhi ya mazingira. Programu hii hukokotoa mtiririko na kanieneo ya maji katika mabomba ya mji. Mhandisi akitaka kujua ni bomba gani ambalo likipasuka litawaathiri watu wengi zaidi, itambidi alifunge kila bomba kwa zamu na kukokotoa upya. Mji ukiwa na mabomba 300, hiyo ni kazi ya kuendesha programu mara 300. Hakuna mtu atakayeifanya kwa mkono bila kuchoka na kukosea. Skripti huifanya bila manung'uniko: huandaa data za bomba la kwanza, huamuru programu ianze, hupokea majibu, huyahifadhi, kisha huendelea na bomba la pili, mpaka la mwisho.

2. Njia za kupitishia data

Njia za kupitisha data kati ya programu mbili ni nyingi, lakini zaweza kugawanywa katika mafungu matatu.

Njia ya kwanza ni faili. Programu moja huandika namba katika faili, nyingine huifungua na kuzisoma. Njia hii ni kama barua: huchukua muda, lakini barua hubaki, na mtu yeyote aweza kuisoma baadaye ili kuthibitisha kilichosemwa.

Njia ya pili ni kumbukumbu ya kompyuta yenyewe. Programu ya uigaji huitwa na skripti kana kwamba ni sehemu yake, na namba huachwa mahali pamoja katika kumbukumbu ambapo pande zote mbili huweza kuzifikia. Njia hii ni ya kasi sana, lakini haiachi karatasi. Kosa likitokea, hakuna barua ya kurejea.

Njia ya tatu ni mazungumzo. Programu zote mbili huendelea kufanya kazi kwa wakati mmoja, pengine katika kompyuta mbili tofauti, na kila baada ya muda maalumu hupelekeana ujumbe: hii hutaja hali ilipofikia, na ile hujibu kwa agizo. Mwaka 2010 ulitolewa utaratibu wa pamoja wa mazungumzo ya namna hii, unaojulikana kwa kifupi kama FMI, ili programu za watengenezaji mbalimbali ziweze kuelewana.

Njia yoyote itakayochaguliwa, kinachovuka mpaka ni namba tupu. Lakini namba ya kisayansi, ili iwe na maana, hubeba mambo manne: kizio, usahihi, mpangilio na wakati. Tutayaeleza moja moja.

3. Kizio

Turudi kwenye EPANET. Mtumiaji huchagua kizio cha mtiririko. Akichagua lita kwa sekunde, programu huchukulia kwamba vipimo vingine vyote vimo katika mfumo wa metriki, na kipenyo cha bomba ni milimeta. Akichagua galoni kwa dakika, programu huchukulia kwamba kipenyo ni inchi. Basi skripti ikiandika kipenyo 100 kwa maana ya milimeta, ilhali faili limetaja galoni, programu italiona bomba lenye kipenyo cha inchi 100, yaani zaidi ya meta 2.5! Maji yatapita humo bila kizuizi chochote, na mji mzima utaonekana kuwa na maji tele. Hakuna onyo litakalotolewa, kwa sababu hesabu yenyewe haina kosa.

Kosa la jamii hiyo hiyo liliwahi kuangamiza chombo cha angani. Tarehe 11 Desemba 1998 Wamarekani walirusha chombo kilichoitwa Mars Climate Orbiter, kiende kuizunguka sayari ya Mirihi na kuchunguza hali yake ya hewa. Chombo hicho kilikuwa na magurudumu yaliyozunguka ndani yake ili kukizuia kisiyumbe. Mara kwa mara ilibidi kasi ya magurudumu hayo ipunguzwe, na wakati huo injini ndogo ziliwashwa kwa muda mfupi. Kila zilipowashwa, chombo kilisukumwa kidogo kutoka katika njia yake.

Hapa duniani palikuwa na programu mbili. Ya kwanza ilikokotoa ukubwa wa kila msukumo, yaani kani mara muda, na kuuandika katika faili. Ya pili ililisoma faili hilo na kukokotoa njia ya chombo. Mkataba wa maandishi kati ya pande mbili ulitaka msukumo uandikwe kwa newtoni-sekunde. Programu ya kwanza iliuandika kwa paundi-sekunde. Kani ya paundi moja ni sawa na newtoni 4.45 hivi, kwa hiyo programu ya pili iliihesabu kila misukumo kuwa midogo kuliko ilivyokuwa kweli, kwa zaidi ya mara nne. Tofauti hiyo yakaribiana na ile ya pishi na kibaba.

Kila msukumo ulikuwa mdogo, lakini safari ilikuwa ya miezi tisa, na haba na haba hujaza kibaba. Chombo kilitarajiwa kupita kilometa 226 hivi juu ya Mirihi. Hesabu zilizofanywa baadaye zilionyesha kwamba kilikaribia hadi kilometa 57, ilhali kisingeweza kusalimika chini ya kilometa 80. Tarehe 23 Septemba 1999 kilipita nyuma ya sayari, na hakikusikika tena. Wahandisi wa pande zote mbili walikuwa mabingwa. Kilichokosekana ni neno moja la kizio kando ya namba, na mtu au programu ya kulisoma neno hilo.

4. Usahihi

Jambo la pili ni idadi ya tarakimu. Mwaka 1961 mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz, wa chuo cha MIT nchini Marekani, alikuwa akiiga mwenendo wa hewa kwa milinganyo 12 katika kompyuta ndogo ya wakati huo. Siku moja alitaka kuirudia sehemu ya hesabu. Badala ya kuanza mwanzo kabisa, alichukua namba zilizokuwa zimechapwa katikati ya hesabu ya awali, akaziingiza upya katika mashine, kisha akaenda kunywa kahawa. Aliporudi alikuta kwamba hali ya hewa ya hesabu ya pili ilianza sawa na ya kwanza, ikaachana nayo kidogo kidogo, na hatimaye haikufanana nayo hata kidogo.

Mashine haikuwa mbovu. Ndani yake namba zilihifadhiwa kwa tarakimu sita, kwa mfano 0.506127, lakini mashine ilichapa tatu tu, 0.506, ili kuokoa nafasi katika karatasi. Lorenz alikuwa ametoa data kutoka katika uigaji na kuzirudisha humo, na njiani zikapoteza tarakimu tatu. Kutokana na tukio hilo alifikia ugunduzi aliouchapisha mwaka 1963, kwamba katika mifumo fulani tofauti ndogo ya mwanzo hukua mpaka kulibadilisha jibu zima.

Wanafunzi waweza kuliona jambo hili kwa kikokotoo. Chukua namba x iliyo kati ya 0 na 1, uizidishe kwa (1 − x), kisha kwa 4. Jibu liwe x mpya, na urudie. Kundi moja lianze na 0.3001. Kundi la pili lipewe namba hiyo hiyo baada ya kukadiriwa katika nafasi tatu za desimali, yaani 0.300. Majibu, yakiandikwa kwa nafasi tatu, yatakuwa hivi:

Hatua ya 1: 0.840 na 0.840
Hatua ya 4: 0.022 na 0.022
Hatua ya 8: 0.475 na 0.448
Hatua ya 12: 0.147 na 0.554

Makundi yote mawili yamekokotoa bila kosa, lakini katika hatua ya 12 hayakubaliani kabisa.

Kompyuta za leo kwa kawaida huihifadhi namba yenye desimali kwa biti 64, ambazo ni sawa na tarakimu 15 hadi 17. Namba hiyo ikiandikwa katika faili kwa tarakimu 17, itakaposomwa tena itarudi ile ile kamili. Ikiandikwa kwa tarakimu sita, kama programu nyingi zifanyavyo zisipoamriwa vingine, sehemu yake hupotea. Kwa bomba la maji huenda hasara hiyo isidhuru; kwa hali ya hewa yaweza kudhuru. Ni juu ya mtafiti kujua yuko upande gani.

5. Mpangilio

Jambo la tatu ni utaratibu wa kuzipanga namba. Tuseme tuna jedwali lenye mistari miwili na safu tatu: mstari wa kwanza una 1, 2, 3, na wa pili una 4, 5, 6. Kumbukumbu ya kompyuta haina mistari wala safu; ni mlolongo mmoja mrefu. Lugha ya C huliweka jedwali hilo mstari kwa mstari: 1, 2, 3, 4, 5, 6. Fortran huliweka safu kwa safu: 1, 4, 2, 5, 3, 6. Programu ya Fortran ikiziacha namba hizo katika kumbukumbu, na skripti ikazisoma kwa desturi ya C, mstari wa kwanza utasomeka 1, 4, 2, na wa pili 5, 3, 6. Namba zote sita zimefika salama, hakuna iliyopotea wala kubadilika. Ila kila moja, isipokuwa ya kwanza na ya mwisho, imekaa katika kiti cha mwenzake.

Hata alama ya desimali yaweza kuleta balaa. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo nilipewa jedwali la mvua na joto kutoka nchi ambayo desimali huandikwa kwa mkato badala ya nukta. Skripti yangu iliuchukulia mkato kuwa kitenganishi cha safu. Siku iliyopata mvua ya milimeta 12,5 ikasomeka kuwa na milimeta 12, na ile 5 iliyobaki ikawa joto la siku hiyo. Kwa kuwa nchi ilikuwa ya baridi, joto la nyuzi 5 halikunishtua. Nilitafuta kosa katika milinganyo yangu kwa wiki mbili, ilhali milinganyo haikuwa na hatia.

6. Wakati

Jambo la nne ni wakati. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunalielewa jambo hili kuliko wengi. Katika vituo vya hali ya hewa vya Afrika Mashariki, mvua ya siku hupimwa saa tatu asubuhi. Saa ya mkononi ya mpimaji huonyesha 9, na kwa saa ya kimataifa inayotumiwa na wataalamu wa hali ya hewa ni 6. Basi dakika moja ile ile ina namba tatu: 3, 9 na 6. Mtu akiingiza 3 katika programu inayotumia saa ya kimataifa, mvua yake itakuwa imepimwa saa tatu kabla ya wakati wake, na uigaji wa mafuriko utakuwa na mto unaofurika kabla ya wakati.

Programu zinapozungumza hatua kwa hatua, kuna swali jingine: zizungumze kila baada ya muda gani? Fikiria tangi lenye kitako cha meta mraba 2 na kina cha meta 1.6. Maji huingia kwa meta za ujazo 0.02 kila sekunde; kwa hiyo kina huongezeka kwa meta 0.01 kila sekunde. Programu ya uigaji hukokotoa kina, na skripti hufanya kazi ya mlinzi: ikiambiwa kwamba kina kimefika meta 1.5 au zaidi, hufunga bomba.

Zikizungumza kila sekunde moja, bomba litafungwa kina kikiwa meta 1.5, na haliwezi kuchelewa kwa zaidi ya sentimeta moja. Zikizungumza kila sekunde 60, mlinzi ataambiwa 0.6, kisha 1.2, na yote mawili ni chini ya 1.5, bomba litabaki wazi. Habari itakayofuata ni 1.8, lakini tangi lina kina cha meta 1.6 tu. Maji yamekwisha kumwagika kabla ya mlinzi kuarifiwa. Tena, ikiwa skripti hupokea kila mara habari za hatua iliyopita badala ya hatua ya sasa, itafunga bomba sekunde 60 baadaye zaidi, wakati kina kingekuwa 2.4. Uigaji ni sahihi, na amri ya mlinzi ni sahihi. Mwendo wa mazungumzo ndio uliokosewa.

7. Namna ya kujikinga

Kinga za makosa haya hazihitaji vyombo vya gharama. Kwanza, kila faili liwe na maelezo juu yake yanayotaja kizio cha kila safu, alama ya desimali na saa iliyotumika. Na programu inayopokea iyasome maelezo hayo na kukataa kuendelea iwapo hayalingani na inachokitarajia. Maelezo yasiyosomwa na yeyote hayalindi kitu.

Pili, kabla ya kazi yenyewe, ipelekwe data ndogo ambayo jibu lake lajulikana kwa hesabu ya mkono. Kwa jedwali, tumia namba zote tofauti, kama 1 hadi 6, wala si jedwali la sifuri tupu. Kwa maana jedwali la sifuri likipinduliwa halionyeshi dalili yoyote.

Tatu, namba ipelekwe upande wa pili na kurudishwa, kisha ilinganishwe na ile ya awali. Isiporudi sawasawa, ijulikane ni tarakimu ngapi zilizopotea na kama hasara hiyo yaweza kuvumilika.

Nne, na hii ndiyo kinga kubwa, kanuni za maumbile zitumiwe kuwa shahidi. Maji yaliyoingia katika tangi, yakitolewa yale yaliyotoka, hayana budi kuwa sawa na ongezeko la maji yaliyomo. Skripti iweze kulihakiki jambo hilo katika kila hatua. Hesabu ikikataa, kuna kitu kilichopotea mpakani.

Hitimisho

Walimu wengi wa fizikia hulalamikiwa na wanafunzi kwa kukata alama pale jibu linapoandikwa "25" bila neno lolote mbele yake. Mwanafunzi hudhani kwamba mwalimu ni mkali bila sababu, kwani hesabu yenyewe ni sahihi. Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mwalimu huyo ana haki. Leo mwanafunzi anamwandikia binadamu, ambaye aweza kukisia kwamba 25 ni newtoni. Kesho ataiandikia kompyuta, ambayo haitakisia wala kuuliza. Na kwa kuwa jibu litatoka haraka na kupambwa kwa grafu ya rangi, watu wataliamini, watachimba mtaro, watajenga daraja, au watawaambia wanakijiji kwamba mto hautafurika.

Tunapendekeza, basi, zoezi moja kwa darasa. Wanafunzi wagawanywe katika makundi mawili yasiyoweza kuonana. Kundi la kwanza lipime urefu, uzito na joto la vitu vitano, kisha liandike namba tu katika karatasi na kulipelekea kundi la pili, ambalo kazi yake ni kueleza kwa maandishi vitu hivyo ni vikubwa kiasi gani. Makosa yatakayotokea yaandikwe ubaoni. Halafu makundi yote mawili yakae pamoja na kutunga mkataba mfupi wa mambo ambayo karatasi hiyo ilipaswa kuyataja. Bila shaka wataona wenyewe kwamba kizio, usahihi, mpangilio na wakati vimo katika orodha yao.